Nani amekunywa bahari?

Mwalimu wa Chumbageni anajibu barua za wasomaji waliohamia Tanga

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtu wa Makete, mkoa wa Njombe. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana mume wangu alihamishiwa Tanga kikazi, tukapanga nyumba Sahare, dakika chache kwa miguu kutoka baharini. Tuna watoto wawili, mmoja ana miaka saba, mwingine minne. Mwalimu, nimeshindwa kuzoea. Kwetu tunalala na mablanketi mawili. Huku nalowa jasho usiku kucha. Kitasa cha mlango wa nyuma kimeganda kwa kutu, suti ya mume wangu imeota kuvu kabatini, chumvi ya kopo imegeuka maji. Majirani si watu wabaya, lakini naona wananitazama tu. Sisi ni Walutheri na mtaa wetu karibu wote ni Waislamu, nachelea kukosea. Juzi asubuhi mtoto wangu mkubwa alikwenda kuchungulia pwani akakuta maji yameondoka mpaka mbali. Alirudi mbio akaniuliza, "Mama, nani amekunywa bahari?" Sikuwa na jibu. Ningependa kutembea na wanangu tuijue pwani hii, ila bahari naiogopa. Nianzie wapi?*

*Mama wa wawili, Sahare*

Marahaba, mwanangu, na karibu Tanga. Nianze na swali la mtoto, maana ukilijua jibu lake, mengi uliyoyaandika yatakaa mahali pake.

Mwambie hakuna aliyeinywa. Imekwenda na itarudi leo leo. Mwezi unayavuta maji ya bahari, na jua nalo linasaidia kuvuta. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inayofuata huchelewa karibu dakika 50. Kwa hiyo kama leo yamepwa kabisa saa nne asubuhi, kesho yatapwa saa tano kasoro dakika kumi, na baada ya wiki moja, saa nne ile ile, utayakuta yamejaa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mwezi na jua huwa vimekaa mstari mmoja, basi maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hupanda kidogo na kushuka kidogo, na wavuvi watakwambia leo ni maji mafu. Hapa kwetu siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kutoka kupwa hadi kujaa yanapanda zaidi ya mita 3. Mita 3 ni urefu wa ukuta wa chumba chako. Asubuhi aliyochungulia mwanao bila shaka ilikuwa ya bamvua. Siku nyingine akiyaona yameondoka hivyo, mtoe nje usiku atazame juu: ama ataona mwezi duara zima, ama hatauona kabisa.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Mimi si mzaliwa wa Tanga. Ni mtu wa baridi kama wewe, nimetoka Mufindi, nikaletwa huku 1984 kufundisha shule ya msingi. Jiografia ndiyo lilikuwa somo langu. Kupwa na kujaa nilikuwa nakuchora ubaoni kwa chaki, na mishale, na mwezi, na dunia, na bado sikukujua.

Jumamosi moja nilimbeba binti yangu wa kwanza, ana miaka miwili, nikaenda pwani. Maji yalikuwa mbali. Mchanga ulikuwa umebaki na mikunjo midogo midogo kama khanga iliyokamuliwa, unakanyaga na kusikia ugumu wake unyayoni. Mbele kulikuwa na fungu la mchanga mweupe, nikalifuata. Njiani nilivuka kijito, maji yalinilowesha nyayo tu. Tulipofika mtoto akaanza kuchimba, mimi nikakaa nikatazama mbele, kwa sababu nilidhani maji yakirudi yatarudi kutoka mbele.

Yalirudi kwa nyuma. Pwani haiko sawa kama sakafu, ina mabonde ambayo macho ya mtu wa milimani hayayaoni, na maji yakianza kujaa huyaingia yale mabonde kwanza, kimya kimya, bila hata wimbi. Nilishtuliwa na sauti ya mama mmoja aliyekuwa akiokota tondo: "We mwenye mtoto! Rudi! Mkondo unaingia!" Kugeuka, kile kijito kimekuwa mto. Yule mama alikuja na ndoo yake kichwani, akanishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniacha alama, akanivusha. Katikati yalinifika kiunoni, mtoto nimemuweka begani analia.

Hakunigombeza. Tulipotoka aliitua ndoo, akaokota kijiti, akachora mstari mchangani pale pale maji yalipoishia. "Kaa hapa uone," akasema. Nikakaa. Hajamaliza kukamua khanga yake, mstari umefutika. Akachora wa pili, nao ukafutika. Wa tatu alinipa kijiti nikachora mwenyewe. Huyo mama ndiye aliyekuja kunifundisha Tanga, na tumeozesha watoto pamoja.

Kwa hiyo, mwanangu, jibu la "nianzie wapi" ni hilo: anza na saa ya maji, na anza na mtu anayeijua. Usinunue chochote, usipande gari kwenda popote. Kesho nenda pwani na watoto, mpe kila mmoja kijiti, mchore mistari. Fanyeni hivyo siku saba. Mkubwa aandike kwenye daftari: leo saa ngapi maji yameishia wapi. Baada ya wiki mbili atakuwa anakwambia yeye.

Mkitaka kushuka kwenye mchanga wenyewe, shukeni maji yakiwa bado yanapwa, na saa ya kupwa kabisa ikifika muwe mmeshageuza kurudi. Usimfuate mtoto kwa macho, awe mkononi. Miguuni wavae yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, kwa sababu kwenye majani ya bahari kuna wale wanyama wa duara wenye miiba myeusi mirefu kama sindano, na ukimkanyaga mmoja mwiba wake hukatikia ndani. Kwenye maji ya kina kifupi wasinyanyue miguu juu, waiburure, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani asikie na kuondoka kabla hajakanyagwa. Konokono mwenye gamba zuri lililochongoka kama koni asiokotwe hata kama amependeza, maana wako wenye sumu kali. Na mtu akichomwa na taa au na yule samaki anayefanana na jiwe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, maumivu hupungua, huku mnatafuta usafiri wa hospitali. Usikubali achanjwe wala kufungwa kamba.

Ukishakuwa na hayo, hofu itakayobaki ni ile ya heshima, na hiyo uiache ibaki. Nimeishi hapa miaka 40 na bado ninayo.

Wapeleke kwanza kwenye mikoko. Wapeleke maji yakiwa yamepwa, mkae pembeni kimya dakika tano bila kusogea. Tope litaanza kutembea. Ni kaa wadogo, dume ana gando moja kubwa kuliko jingine, analipunga kama anayeita mtu. Waonyeshe ile mizizi iliyosimama wima kutoka topeni kama penseli, waambie mti unapumua kwa hiyo, kwa sababu ndani ya tope hewa hakuna. Mikoko ndiyo inayozuia mawimbi yasile ardhi, na ndimo samaki wengi wanamokulia wakiwa wadogo. Kuikata bila kibali ni kosa, na ukiletewa kuni zake mlangoni kwa bei rahisi usinunue.

Kuhusu joto, ulifika wakati mgumu kuliko wote kwa mtu wa Makete. Vuli ilikuwa inaisha na kaskazi inaingia, na Desemba mpaka Machi ndiyo miezi ya moto. Masika ikipita, kusi inakaza kuvuma, na Juni na Julai utajifunika shuka na kuamka na nguvu. Kwa sasa hamisha kitanda. Watu wengi wakihama hukisukumia kitanda kwenye kona kama walivyozoea bara, upepo ukapita kando. Kiweke katikati ya madirisha mawili, ufungue yote mawili, nyavu za mbu ziwe nzima, na chandarua juu. Chandarua huku hakiondolewi msimu wowote.

Vyuma na nguo vina adui mmoja. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hunyonya unyevu. Kile kitasa usikilazimishe, ufunguo utakatikia ndani. Kidondoshee mafuta ya taa usiku, asubuhi uzungushe taratibu, kikishaachia ukitie mafuta ya cherehani. Kisha vitasa na bawaba zote za nyumba uzitie mafuta kila mwezi mwandamo, hutasahau. Suti ifute kwa kitambaa chenye siki kidogo, ianike kivulini penye upepo. Kabati livute kutoka ukutani upana wa kiganja, na mara moja kwa wiki fungua milango yake yote mchana kutwa. Ya chumvi ni rahisi: tia punje za mchele mkavu kwenye kopo. Maji ya bomba yetu yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, ni maji mazuri, ila ya visima vilivyo karibu na pwani yana chumvi, sabuni haitoi povu. Ukifulia hayo nguo zinachakaa upesi.

Sasa majirani, na hapa nitakaa kidogo.

Tanga kuna msemo utausikia mpaka uuzoee: waja leo waondoka leo. Kila mtu ana maana yake. Mimi, kwa miaka niliyokaa, nauelewa hivi: mji huu una bandari, una reli iliyoanza kujengwa 1893, ulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge yaliyoleta watu kutoka pande zote, na siku zote watu wanahamishiwa na kuhamishwa. Mtaa umekwisha kupenda wageni wengi walioondoka bila kuaga. Kwa hiyo wanakutazama. Wanangoja waone kama wewe ni wa kukaa.

Waonyeshe. Ukipita barazani penye kina mama usipite na simu sikioni. Simama, wakubwa uwaamkie mmoja mmoja. Ukijibiwa "marahaba, hujambo, watoto hawajambo, baba hajambo," jibu yote, usikatize kwa "nzuri" moja ukaendelea na safari. Kwetu milimani tunasalimiana huku tunatembea kwa sababu ya baridi na shamba. Huku salamu ina kikao chake. Nilipogundua hilo nilianza kutoka nyumbani dakika kumi mapema kwenda shule, na zile dakika kumi ndizo zilizonipa ndugu.

Ukiletewa sahani ya chakula, usiirudishe tupu. Haitakiwi kitu kikubwa. Ndizi mbili, maandazi manne, viazi vyenu vya Makete mkiletewa gunia. Mwezi wa Ramadhani watakuletea futari hata kama hufungi, ipokee kwa mikono miwili na ukumbuke sahani. Mchana wa mwezi huo watoto wako wale ndani, si kibarazani. Msiba ukitokea mtaani, nenda siku ile ile, jifunge khanga, kaa chini na wanawake wenzako. Huna haja ya kujua dua. Hakuna atakayekuuliza dini yako msibani, ila watakumbuka kwamba ulikaa. Nami nilipofiwa na mama yangu Mufindi, nilirudi nikakuta mkeka umetandikwa barazani kwangu na wanawake wa mtaa wameshakaa, wanangoja kunipa pole. Kanisani kwangu walikuja kesho yake.

Na muombe mmoja wao akufundishe kukuna nazi. Muombe hasa, hata kama unajua. Utakaa juu ya mbuzi uani kwake, mtaongea. Atakuonyesha tui la kwanza, lile zito, linavyowekwa kando, na tui la pili jepesi linavyotangulia jikoni kupikia, lile zito likaja mwisho na mwiko usiache kukoroga lisikatike. Mwambie pia akupeleke Deep Sea asubuhi mnada wa samaki ukiwa umechangamka. Angalia jicho la samaki liwe limetuna na kung'aa, fungua mashavu yawe mekundu, mbonyeze, shimo lirudi. Anza na changu na kolekole, nyama yao haina miiba midogo mingi ya kumsumbua mtoto. Siku za maji mafu pweza huadimika, kwa kuwa miamba anakojificha haiwi wazi na wawindaji hawawezi kutembea juu yake na michokoo yao. Unaona? Hata mboga yako inafuata mwezi.

Mapango ya Amboni, Pangani, na kwingineko mtakwenda. Yapo na yatakuwepo. Kwa sasa chora mistari, na uniandikie tena kusi ikianza.

*Mwalimu, habari za kazi. Nimestaafu utumishi, naishi Dodoma, nataka kuhamia Tanga moja kwa moja. Nimeonyeshwa kiwanja Mwambani, kizuri sana, kinashuka mpaka mchangani. Muuzaji anasema naweza kujenga nikitazama bahari, mawimbi niyasikie kitandani. Fundi naye anashauri tuchote mchanga wa pwani pale pale, tuokoe gharama za lori. Unaonaje?*

*Mstaafu, Dodoma*

Salama, ndugu yangu. Naona nikuzuie kabla hujatoa kiinua mgongo chako.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Nyumba ni shughuli ya kudumu. Muuzaji hawezi kukuruhusu asichoruhusiwa yeye. Na utakapokwenda kupima hizo mita, usiende siku yoyote tu. Nenda wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa kabisa, kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, usimame pale povu linapoishia. Viwanja vingi vya pwani huonyeshwa wateja saa nne asubuhi, maji yamepwa, na mtu anaona eneo mara mbili ya lilivyo. Mwalimu mwenzangu alinunua namna hiyo. Nusu ya alichonunua samaki wanapita juu yake kila wiki mbili.

Pia Mwambani ni sehemu ambayo kwa miaka imetajwa katika mipango ya bandari mpya. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na hati mkononi, uliza mchoro wa eneo unasemaje, kisha kaa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wazee wawili watatu waliozaliwa pale. Wao ndio wanaojua mpaka wa zamani ulikuwa mkwaju upi.

Mchanga wa pwani, hapana. Una chumvi. Ukiuchanganya kwenye zege, chumvi inakula nondo ndani kwa ndani, nondo ikiota kutu inavimba, zege linapasuka, na lenta inaanza kumomonyoka ukiwa huna tena mshahara wa kuirekebisha. Agiza mchanga wa mto hata kama lori ni ghali.

Na zaidi ya nyumba yako, mchanga ule ukichotwa bahari inakuja kuufuata. Sisi wa mkoa huu tunayo Maziwe, kisiwa kilicho mbele ya Pangani. Kilifanywa hifadhi, kilikuwa na miti, na kasa walikuwa wakipanda kutaga kuliko mahali pengine popote kwenye pwani yetu. Miti ikaisha, na mchanga ukakosa cha kuushika. Leo Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kasa wakija kutaga, watu wa Ushongo hulazimika kuyahamisha mayai kuyapeleka bara yasifunikwe na maji. Nimekanyaga pale mwenyewe, mchanga mweupe hauna hata jani.

Tafuta kiwanja nyuma kidogo, penye mnazi na mwembe, upepo utaupata ule ule. Usiku kusi ikivuma mawimbi utayasikia.

*Mwalimu, mimi ni kijana kutoka Mwanza, nimeajiriwa hapa, napanga Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Nina pikipiki na Jumapili moja tu ya nafasi kwa mwezi. Kati ya Amboni na Tongoni niende wapi kwanza? Na yule samaki wa kale, silikanti, anaonekana wapi?*

*Kijana wa Ngamiani*

Nenda Tongoni, mwanangu. Amboni ni karibu, kama kilomita nane kaskazini ya mji kwa barabara ya Horohoro, unaweza kuyafikia mapango hayo jioni yoyote ukiwa na tochi, viatu vya kushika na mwongozaji wa pale. Yanapendeza, mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji kwa muda usiohesabika, na popo wengi. Utaambiwa yana njia ya chini kwa chini mpaka Mombasa. Sikiliza hadithi, ila waliopima hawakufika hata kilomita moja.

Silikanti hutamwona. Anaishi kilindini, mchana hujificha kwenye mapango ya chini ya maji zaidi ya mita 100, na sheria inamlinda. Wanasayansi walidhani alikwisha toweka pamoja na dinosaria, mpaka 1938 akanaswa Afrika Kusini. Kuanzia 2003 wavuvi wa pwani yetu wakawa wanamkuta kwenye majarife yaliyotegwa kwenye kina kirefu, na 2009 bahari hii kutoka Tanga kuelekea Pangani ikatangazwa kuwa hifadhi kwa ajili yake. Ukiwa kwenye barabara ya Tongoni, simama mahali bahari inapoonekana. Yuko huko chini, samaki mzito wa zaidi ya mita moja na nusu, mwenye mapezi yenye nyama kama miguu. Mimi hilo linanitosha.

Tongoni ni mwendo wa nusu saa na ushei kwa pikipiki, barabara ya Pangani. Toka saa kumi na mbili asubuhi jua halijakaza. Kuna magofu ya msikiti, na makaburi zaidi ya 40 yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mengine yana nguzo ndefu. Ni ya mji wa Waswahili uliokuwa na nguvu miaka zaidi ya 500 iliyopita. Mtafute mlinzi, lipa kiingilio, vua kofia, usipande juu ya kaburi lolote hata kama picha itatoka vizuri. Nenda kwenye nguzo, itazame kwa karibu. Utaona vishimo vya duara vilivyo tupu. Humo mlipachikwa mabakuli ya kigeni yaliyoletwa na majahazi, yakang'olewa na watu waliopita. Ukiweka kiganja kando ya kishimo utahisi chokaa bado laini pale mkono wa fundi ulipopita.

Kisha shuka pwani. Aprili 1498 meli ya msafara wa Mreno Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama kwenye fungu karibu na hapa. Hawakuyajua maji yetu. Yalipopwa meli ikabaki kavu, yalipojaa ikaelea tena. Mwaka uliofuata wakirudi kutoka India, mabaharia wengi wamekufa, waliichoma wenyewe huku huku kwa kukosa watu wa kuiendesha. Aliyeandika safari ile anasema walipokuwa wamekwama, watu wa hapa waliwafuata kwa mashua wakiwa na machungwa, mazuri kuliko ya kwao Ureno.

Ukirudi mjini na msimu ukiwa wenyewe, nunua ya Muheza, yanauzwa kwa tenga na kwa mafungu. Chagua yenye ganda jembamba na uzito mkononi, usiangalie rangi. Huku chungwa linaiva likiwa bado kijani.